Kabichi za Kwenda Lushoto

Ujumbe uliingia basi lilipokuwa likiondoka Manzese.

"Mama amezidiwa. Yuko kwenu."

Kokuberwa aliusoma, akaufuta, akailaza Samsung yake mapajani. Abiria walikuwa wakiimba na kupiga makofi. Naye aliendelea kupiga makofi, ingawa viganja vyake vilikuwa vimepoa kama vya maiti.

Katika lugha ya Idara, ile ya usalama iliyomwajiri, mama ni bomu. Kuzidiwa maana yake limekwisha kutegwa, na linangoja tu kupigiwa simu.

Na lilikuwa ndani ya basi hili.

Sikukuu ya Sabasaba ilikuwa imeangukia Jumatatu. Nusu ya Dar es Salaam ilikuwa ikitafuta mahali pa kupumzikia, na Lushoto, yenye ukungu wake, maporomoko yake na baridi ya Julai, ilikuwa kinywani mwa kila mtu. Idara ilikwisha kunusa njama. Kundi moja la kigeni lilikusudia kupandisha bomu mpaka huko mlimani, ambako wajumbe wa nchi mbili jirani walikuwa wakikutana kimyakimya hotelini ili wamalize ugomvi wao wa mpaka. Magari binafsi yangepekuliwa. Lakini nani angepekua Toyota Coaster iliyojaa watu wenye fulana za sare na masweta ya mitumba?

Ndiyo sababu maofisa walitawanywa katika mabasi ya mapumziko, mmoja kila basi. Kokuberwa aliliomba hili yeye mwenyewe, akisali kimoyomoyo kwamba lisiwe lenyewe.

Mwenye safari, yule binti aliyesimama mbele na kipaza sauti, alikuwa Blessing. Mdogo wake wa tumbo moja.

"Da Koku, mbona umenyamaza?" Blessing aliuliza kwa kipaza sauti, basi zima likisikia. "Au baridi ya Lushoto imeshakufikia Ubungo?"

Watu wakacheka. Kokuberwa naye akacheka. Hakuna kazi iliyowahi kumgharimu nguvu nyingi kama kicheko kile.

Aliinuka. Mkononi alishika kitu chenye umbo la pawabenki. Kwa hakika kilikuwa kinasa mawimbi, chombo kinachotikisika kinapokaribia simu iliyofichwa. Akachukua pakiti ya kashata, akaanza kuzigawa kiti kwa kiti, huku akikipitisha chombo kile juu ya mabegi.

Kilitikisika kiti cha kwanza. Kikatikisika cha pili. Kikatikisika njia nzima.

Kila abiria alikuwa na simu, wengine mbili. Chombo kilichonunuliwa kwa fedha nyingi kutoka ng'ambo kilikuwa hakina faida yoyote ndani ya basi la Watanzania walio likizo.

Ikiwa mwenye kulilinda bomu yumo humu, naye akashtuka, angetafuta kisingizio cha kushuka. Angeenda umbali wa kutosha. Kisha angebonyeza.

Kokuberwa alimtazama Blessing, ambaye wakati huo alikuwa akimtania dereva, Mzee Mwishehe, kwamba kanzu yake haitamfaa mlimani. Akaendelea kugawa kashata.

Hapo ndipo aliposikia sauti ya Farida.

Farida alikuwa mama wa Chang'ombe, mwuza vitenge, mwenye ulimi usiojua likizo. Alikuwa amegeukia viti vya nyuma, kwa kijana mwenye jaketi jeusi aliyepandia Manzese na kujitambulisha kwa jina la Gaudens. Nyuma yake, katika nafasi ya mizigo, yalisimama matenga mawili yaliyofunikwa kwa wavu.

"Kaka, samahani," alisema Farida. "Hivi kweli unapeleka kabichi Lushoto?"

"Za harusi," Gaudens alijibu.

"Harusi ya nani huyo asiye na jirani mwenye shamba? Kabichi zote tunazokula sie Temeke zinatoka hukohuko. Zimeshuka mlima juzi, wewe leo unazipandisha tena?"

"Zimekumbuka nyumbani," alidakia Badru, utingo wa basi. Viti vya nyuma vikaangua kicheko.

Gaudens hakucheka. Mkono wake wa kulia uliingia mfukoni na kubaki humo.

Kokuberwa aliacha kugawa kashata.

Wageni waliopanga njama hii walikuwa wameziona kabichi kila ukingo wa barabara jijini, wakaamua kwamba hakuna mzigo usiotiliwa shaka kuliko huo. Hawakumwuliza mtu zinalimwa wapi. Na Gaudens, aliyekula kabichi hizo tangu utoto, alikuwa amelipwa ili asiulize lolote. Akaacha kuuliza hata lile lililokuwa mbele ya macho yake.

Kokuberwa alirudi kitini kwake taratibu. Akainamisha kichwa dirishani kama mtu anayetafuta usingizi. Kisikilizio kilikuwa chini ya kilemba chake.

"Mkuu. Mama yuko kwenye kabichi."

Kisha sauti ya Marijani, mkuu wa operesheni: "Anayemwuguza?"

"Mwanamume. Jaketi jeusi, kiti cha nyuma. Mkono uko mfukoni, kwenye simu."

"Usimguse. Gari la kukata mawimbi liko nyuma yenu."

"Nyuma wapi?"

"Ubungo. Foleni ya Sabasaba imetushika."

"Sisi tunakaribia Kimara, Mkuu."

"Basi mvumilie mpaka Kibaha. Tutawapata huko."

Kokuberwa alifumba macho. Marijani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliye mbali. Kibaha, katika ramani yake, ilikuwa kidole kimoja tu kutoka Kimara. Ndani ya basi ilikuwa ni kila shimo la barabara, kila breki, kila utani wa Farida.

Basi likasimama Kimara.

Abiria wa mwisho walikuwa wakingoja kando ya barabara, na mabegi yao yalikuwa makubwa. Badru alizunguka nyuma na kufungua mlango wa mizigo. Alitangaza kwamba nafasi hakuna, na kwamba matenga yatapanda juu ya paa, kwenye kerea.

"Usiguse," alisema Gaudens.

Lilikuwa neno moja, lakini lilitamkwa kwa namna ambayo hata Farida alinyamaza. Gaudens alisimama. Paji la uso wake liling'aa kwa jasho asubuhi ile ya baridi. Alitazama mlango wa abiria, kama mtu anayepima umbali.

Anashuka, Kokuberwa aliwaza. Anashuka sasa hivi, na sisi tunabaki.

Lazima wote washuke pamoja naye. Wote, bila mtu kupiga kelele, bila mtu kukimbia. Lakini kwa amri gani?

Akaiona bendera ya kitambaa, ile ya kupigia picha ya kundi, iliyokunjwa chini ya kiti cha Blessing.

"Blessing," aliita kwa sauti ya juu, ya uchangamfu, sauti ambayo hakujua ilitoka wapi. "Picha ya pamoja bado."

"Si tulipiga Chang'ombe?"

"Na hawa wa Kimara? Ukiweka picha isiyo na wao kwenye grupu, utazipokea wewe lawama mpaka Jumatatu."

Blessing aliwaza lawama hizo. Hakuna mwenye safari Dar es Salaam asiyeziogopa.

"Wote chini," alitangaza. "Picha, jamani. Fulana zionekane. Hakuna kubaki."

Nao wakashuka, wakinung'unika kwa furaha, wakipangusa nyuso na kunyoosha fulana. Kokuberwa aliwaelekeza ng'ambo ya uwanja wa wazi uliokuwa kando ya barabara, nyuma ya marundo ya matofali ya mtu aliyekuwa akifyatua na kuuza, akidai kwamba huko jua haliwapigi machoni. Marundo yale yalikuwa marefu kupita kimo cha mtu. Yangezuia kitu. Hakujua kiasi gani.

Mzee Mwishehe alikataa kuacha usukani. Alisema dereva hapigwi picha, dereva analinda gari. Kokuberwa alisimama dirishani pake.

"Shikamoo, mzee wangu. Picha bila wewe si safari."

"Marahaba, mwanangu. Lakini gari..."

"Mzee. Nakuomba."

Hakujua mzee aliona nini usoni mwake. Alizima injini, akashuka bila neno la pili.

Gaudens alikuwa amekwisha kufika pembeni ya kundi, mgongo wake ukielekea barabarani, tayari kuyeyuka. Lakini Farida alimdaka mkono wa kushoto.

"Wewe bwana harusi wa kabichi, njoo katikati."

Wakamsukuma mpaka safu ya mbele. Kokuberwa akajipenyeza nyuma yake. Chini ya sweta aliigusa bastola yake, Glock 19. Haikumpa faraja. Risasi isingekuwa na kasi kuliko kidole gumba.

Kama kawaida, picha haikuweza kupigwa kwa simu moja. Kila mtu alimkabidhi mfyatua matofali simu yake, na yangu, na yangu, tafadhali mlalo, mpaka yule bwana akawa nazo tele kifuani. Gaudens alitoa simu yake kubwa kwa haraka, kama anayejikomboa.

Mkono wa kulia ulibaki mfukoni.

"Kaeni sawa," aliagiza Blessing. "Mikono juu, tuseme Lushoto."

Wakati huohuo Kokuberwa alichungulia mwanya kati ya marundo mawili ya matofali.

Badru hakuwamo pichani. Alikuwa nyuma ya basi, ameinama, amelikumbatia tenga la kwanza.

Gaudens naye alimwona.

"Mikono juu," alirudia Blessing.

Mikono yote ikapaa. Ule wa Gaudens ulitoka mfukoni na kupaa kidogo tu, nusu ya njia, na ndani yake mlikuwa na kitochi, Nokia ndogo ya vitufe. Namba ilikuwa imekwisha kuandikwa. Kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe cha kijani.

Kokuberwa alikidaka kidole kile.

Hakukamata mkono. Alikamata kidole chenyewe, akakivuta nyuma mpaka kikalia kama kijiti kikavu, na kwa kiganja cha pili akaikinga simu kabla haijaanguka. Kisha akakiachia kidole, na mdomo wa Glock ukagusa mbavu za Gaudens kupitia jaketi.

"Tabasamu," alimnong'oneza. "Picha haijaisha."

"Lushoto," kundi zima likaitikia.

Mfyatua matofali akabonyeza.

Kokuberwa alifungua mfuniko wa kitochi kwa ukucha na kung'oa betri. Kisha akaita, kwa sauti ambayo Blessing hakuwahi kuisikia maishani: "Badru. Weka chini taratibu. Njoo huku. Usikimbie."

Badru aliweka chini. Akaja, kijasho kikimtoka, bila kuuliza.

Gari la kikosi lilifika likipitia njia ya mabasi ya mwendokasi, kwa kibali au bila kibali. Watu wa milipuko walivaa mavazi yao mazito na kulisogelea basi. Chini ya safu moja ya kabichi walikuta vifurushi vilivyobanwa kwa gundi, nyaya, na simu iliyokuwa imekaa kimya ikingoja. Gaudens alitaja jina la mpokeaji kabla pingu hazijapata joto mikononi mwake. Marijani akapiga simu moja, na huko Lushoto mlango mmoja wa hoteli ukavunjwa.

"Nilisema Kibaha," Marijani alimwambia Kokuberwa sikioni.

"Nilisikia, Mkuu."

"Andika maelezo yako."

"Nitaandika. Na utakapoyasoma, ukumbuke wewe hukuwamo ndani."

Akakitoa kisikilizio.

Blessing alikuwa ameketi juu ya matofali, kipaza sauti bado mkononi, nguo zikiwa na vumbi. Hakuwa akilia. Alimtazama dada yake kama mtu anayesoma maandishi ya lugha ngeni.

"Ulijua tangu wapi?"

"Manzese."

"Ukaimba na sisi."

"Nikaimba."

"Ukanipa kashata, da Koku. Unajua kuna nini mle ndani, ukanipa kashata."

Kokuberwa alinyoosha mkono, akampangusa vumbi begani. Hofu aliyoibana kifuani tangu Manzese ilianza sasa kumtetemesha meno, na hakuona aibu nayo.

Blessing aliinuka na kumpiga kofi.

Kisha akamkumbatia kwa nguvu zilizombana mbavu, wakasimama hivyo muda mrefu. Nyuma yao Farida alikwisha kuanza kuulizia basi jingine, kwa kuwa alikuwa amelipia hoteli.

Gari la Idara lilipiga honi. Kokuberwa alijiondoa kifuani mwa mdogo wake, akanyoosha kilemba, akatembea kulifuata kwa mwendo wa mtu asiye na haraka.

Shavu lilimwaka. Aliliacha liwake.

Mkono uliolipiga ulikuwa mzima.