Mume wa Ukurasa wa Pili

Duka la steshenari la Thuwein Ridha, pale Chake Chake karibu na soko, Jumamosi asubuhi halina pa kutia mguu. Huyu anataka fotokopi, yule picha ya pasipoti. Mwatum Hamad alijipenyeza katikati yao na baibui lake jeusi na mtandio wa zambarau, akaiweka simu yake juu ya meza.

"Assalaamu alaykum. Nna fomu hapa, wanataka ijazwe kwa chapa. Ya mkono hawaipokei."

"Waalaykumu salaam." Thuwein, kijana mwembamba aliyekunja mikono ya shati hadi kwenye viwiko, aliitazama. Ilikuwa karatasi ya zamani iliyopigwa skani ikiwa imepinda, haina hata pahala pamoja pa kubonyeza ukaandika. "Hii si fomu, Bi Mwatum. Hii ni picha ya fomu."

"Jina langu umelijuaje?"

"Limo kwenye simu yako."

Mwatum alicheka bila kutaka. "Duka la kwanza walijaza, programu ikapiga maandishi makubwa katikati ya ukurasa, ati mpaka ilipiwe."

"Basi tutatafuta ya bure."

Mwatum alikuwa msaidizi wa maabara katika kituo cha afya cha Wambaa. Miaka minne amechungulia damu za watu kwenye darubini, na majibu akasaini mwengine. Fomu ile ilikuwa ya kwenda Unguja kusoma stashahada, miaka miwili. Mwisho wa umri ni ishirini na sita, na ishirini na sita ndiyo aliyokuwa nayo. Mwakani asingepokelewa tena.

Kutafuta kulichukua siku tatu. Programu ya kwanza haikukubali kompyuta kuukuu ya Thuwein. Ya pili ilijiita ya bure, kisha ikataka namba ya kadi ya benki. Ya tatu, kumbe, ilikuwamo humo humo dukani: LibreOffice, ambayo Thuwein akiandikia barua tu wala hajapata kuifungua sehemu yake ya kuchorea. Unaiweka skani chini, unaandika juu yake, unavuta neno mpaka likae kwenye mstari wake.

Kila akitoka kazini Mwatum alikuja kukaa kwenye stuli kando ya kompyuta.

"Mbona herufi zako zapanda juu ya mstari?"

"Zinaona haya. Hazijakuzoea."

"Na mwenyewe?"

"Mwenyewe nshazoea, ndio balaa."

Jioni simu zikafuata. Bi Maabara, umefika salama? Nimefika, weye umekula? Wakaongea mambo madogo madogo, na Mwatum akajiona anaichaji simu kabla haijaisha. Alishampenda, hakuna haja ya kuzunguka.

Siku ya nne fomu ikachapwa, naye akaipeleka mbio kwa Sheha, mkuu wa serikali wa mtaa wao, kupigwa muhuri. Kwa haraka ile hakuna aliyeupitia ukurasa wa pili. Lakini Sheha wa kwao hapigi muhuri asichokisoma. Baada ya sala ya alasiri, mbele ya watu nje ya msikiti, alimuuliza baba yake Mwatum, "Mzee Hamad, mmeoza kimya kimya? Hata pilau hatukuonja?"

Kwenye mstari wa jina la mume palikuwa pameandikwa Thuwein Ridha.

Mzee Hamad alirudi nyumbani, hakuvua kofia wala hakuitisha chai. "Mwanangu, mie wa kuambiwa msikitini kuwa nna mkwe?"

Mwatum alimpigia Thuwein. "Umeandika nini kwenye fomu yangu?"

"Yarabi, sikulifuta? Nilikuwa najaribu tu, nione herufi zitaingia."

"Ungeandika moja mbili tatu."

Upande wa pili ilisikika mashine ya fotokopi ikichapa.

"Thuwein, ungeandika moja mbili tatu."

"Ningeandika. Ila nilitaka kuona jina langu linakaaje pale."

Akamkatia. Alikasirika kweli, na zaidi alijikasirikia mwenyewe, kwa sababu maneno yale yalimpendeza.

Kesho yake, ikiwa imebaki siku moja tu ya kupokelewa fomu, Thuwein alifika Wambaa na kanzu iliyopigwa pasi na fomu mpya ndani ya bahasha. Mwatum alisimama nyuma ya pazia. Baba yake hakuipokea bahasha.

"Maneno yashatoka," alisema Mzee Hamad. "Lete wazee wako, Ijumaa nikuozeshe, yaishe. Na fomu hizo zichanwe. Mke wa mtu haendi kukaa bweni Unguja."

Mwatum alilishika pazia. Alimpenda Thuwein, na wakati ule alimwogopa. Thuwein alikuwa amewekewa mkononi kila alichokitaka, imebaki aseme ndiyo tu.

Thuwein aliishika bahasha kwa mikono miwili. "Mzee, mwanao nampenda, sikufichi. Lakini hivyo sitaki. Nikimpata kwa kumchania masomo yake, atakuwa kwangu na moyo hauko. Kosa ni langu. Twende kwa Sheha nikaliseme mbele ya wale wale waliolisikia."

"Watakucheka."

"Wacheke."

Alisema baada ya maghrib, nje ya msikiti, kwamba ameweka jina lake kwenye fomu ya binti wa watu bila ya yeye kujua wala baba yake. Walicheka sana. Mmoja alimuuliza kama anajaza pia fomu za mke wa pili. Sheha aliisoma fomu mpya mstari kwa mstari, akapiga muhuri.

Kabla ya isha Mwatum alimpigia. "Umenikataa mbele ya baba."

"Nimekataa kupewa. Kukutaka nakutaka."

"Na miaka miwili?"

"Ntakungoja."

"Basi mbona huniulizi?"

"Mwatum, utakubali nikuoe? Si leo. Nenda kasome, ukirudi kama bado wanitaka, ntaleta wazee."

"Ndiyo," alisema. "Lakini usingoje nirudi. Walete Ijumaa, na uwaambie mapema kuwa mie nakwenda kusoma."

"Na baba?"

Mwatum alichungulia ukumbini. "Baba ameniuliza mara mbili kwenu ni wapi, na mara moja boti ya Unguja yaondoka saa ngapi."