Muhuri Juu ya Jina

"Nakuuliza tena. Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Kwa hiyo mkono wako uliinuka wenyewe."

"Mkono ni wangu, muhuri ni wa posta, kosa ni langu. Unataka niseme nini zaidi, mpenzi?"

"Usiniite mpenzi mbele za watu niliokuja kugombana nawe mbele yao."

Foleni nzima ya dirisha la wakusanyaji stempu ilitega masikio. Wiki ile jumba la posta lilifurika. Ilikuwa kumbukumbu ya ndege ya kwanza ya barua kuruka kutoka uwanja wa mji ule, na kwa ajili yake ulichongwa muhuri maalumu, mkubwa, wa mviringo, wenye picha ya ndege ndani. Watu walikuja na bahasha mpya zigongwe. Sasa walipata mchezo wa bure.

Mwanamke aliyesimama dirishani alikuwa fundi miwani. Alikuwa na duka lake mtaa wa pili, na alivaa gauni la kijani lililokaa mwilini kama lilikatiwa juu yake, na miwani ya fremu nyekundu aliyoitengeneza mwenyewe. Nyuma ya kioo alikaa karani, shati jeupe, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko, wino kwenye kidole gumba. Wapenda stempu wote walimwita Bwana Muhuri, kwa kuwa hakuna aliyegonga muhuri safi kama yeye: wino haukutapakaa, herufi hazikukatika.

Baina yao, juu ya kaunta, ililala bahasha ya marehemu baba yake Fundi Miwani.

Baba alikuwa mpakizi wa mizigo uwanjani. Siku ndege ile ya kwanza iliporuka, bahasha yake ilikuwa ndani. Ilikwenda, na kule ilikokwenda ikagongwa muhuri mwekundu, IRUDI KWA MTUMAJI, ikapanda ndege ileile ikarudi. Bahasha za kwenda zilikuwa nyingi. Iliyokwenda na kurudi ilikuwa hiyo moja tu, na Jumapili ingewekwa katikati ya maonyesho ya chama cha wakusanyaji. Jana ilikuwa safi. Leo muhuri mpya, mkubwa kama kisosi, mweusi tii, ulikuwa umegongwa juu ya anwani. Haukugongwa pembeni wala kwenye stempu, bali katikati kabisa. Kwa mkusanyaji, hiyo ni sawa na kumchora mtu uso kwa kisu.

"Dada, na sisi tuna haja," mtu mmoja alinong'ona kwenye foleni.

"Subiri," alisema Fundi Miwani bila kugeuka. "Huyu bwana ataoa au hataoa leo hii. Stempu yako haitaoza."

Foleni ikasubiri.

"Nilikukabidhi kitu cha marehemu," alimwambia yule wa nyuma ya kioo, safari hii kwa sauti ya chini, na ya chini ndiyo iliyotisha. "Ukanikabidhi chako. Tulisema pete baadaye. Kumbe hujui kutunza. Basi na mimi sijui."

Uso wa Bwana Muhuri ulibadilika. "Yangu haihusiki."

"Tutaona."

Akachukua bahasha yake, akatoka, visigino vikigonga sakafu kwa mpigo mmoja hadi nje.

Hao wawili walikutana hapohapo, katika foleni ileile, siku ya muhuri wa kumbukumbu ya daraja. Fundi Miwani aliteta kwa kuwa karani alimwambia apunguze gundi kwenye stempu. "Unanifundisha kulamba stempu?" alimuuliza. "Hapana, nakufundisha kutolamba," karani alijibu, akamsukumia sponji yenye maji. Alicheka bila kutaka. Wiki iliyofuata karani alikuja dukani kupimwa macho, akasoma ubao wote hadi mstari wa mwisho, kisha akadai haoni vizuri. "Unaona kuliko mwewe," alimwambia. "Basi nina ugonjwa mwingine," alijibu. Mapenzi yao yalianza kwa uongo mdogo wa namna hiyo, na kwa muda mrefu hayakuhitaji mwingine.

Walipokubaliana kuoana, kila mmoja alimpa mwenzake bahasha yake bora aishike kama amana. Ya Bwana Muhuri ilitoka kwenye ndege iliyoanguka ziwani. Wapiga mbizi walitoa mfuko mzima wa barua, nyingi zikiwa uji mtupu, lakini hiyo ilitoka na stempu zake zote mbili zimeng'ang'ania. Aliitafuta ujana wake wote. Usiku wa kwanza wa kuipata, alikiri mwenyewe, alilala nayo kifuani.

Fundi Miwani alijua hayo yote alipofika nyumbani, alipovua viatu, alipotoa beseni la plastiki chini ya sinki na kulijaza maji ya uvuguvugu. Alijua kabisa. Ndiyo sababu alifanya.

Kisha akampigia simu.

"Haloo? Mpenzi, afadhali umepiga, nilitaka..."

"Sikiliza." Akashusha simu karibu na beseni, akakoroga maji kwa vidole.

"Ni nini hiyo? Unaosha vyombo?"

"Hilo ni ziwa lako. Mwenyewe uliniambia stempu zilikataa kubanduka. Nimeona nijaribu bahati."

Nyuma yake zilisikika sauti za foleni na droo ikifungwa.

"Usifanye hivyo," alisema. Hakupayuka. Angepayuka ingekuwa rahisi.

"Niambie kwa nini ulifanya, nitaitoa."

Droo ilifunguliwa, ikafungwa tena.

"Siwezi."

"Basi ogelea."

Akakata simu. Akaikandamiza bahasha chini ya maji kwa kiganja kizima, kama mtu anayemzamisha paka, akaishikilia. Stempu ya kwanza iliachia taratibu, ikapinda pembe, ikaelea juu. Ya pili ikaifuata. Karatasi ililegea, ikapasuka palepale alipoishika, na anwani ikavuja rangi ya buluu majini. Alingoja furaha ije. Alikuwa ameiandalia nafasi tangu posta. Ilikuja kidogo, ikakaa kama mgeni asiyevua koti, ikaondoka.

Ndipo mama yake akaingia jikoni na kikapu cha sokoni.

Mama alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke mnene, mtaratibu, ambaye watoto wa mtaa walizima redio walipomwona kwenye kona. Alitazama beseni. Alitazama stempu mbili zinazoelea. Akaweka kikapu chini polepole.

"Hiyo ni ya yule kijana."

"Ilikuwa."

"Umefanya nini, wewe mtoto?"

"Dawa ya moto ni moto, mama. Kaiharibu ya baba. Kaigonga muhuri juu ya anwani na hata sababu hataki kusema. Ananitazama tu kama ng'ombe kwenye mvua."

Mama alivuta kiti, akakaa. Kilemba chake kilikuwa kimelegea upande mmoja na hakukirekebisha, jambo ambalo binti yake hakuwahi kuliona.

"Hataki kusema kwa sababu aliniahidi," alisema. "Mimi ndiye niliyempelekea kazi."

"Kazi gani?"

"Nilikwenda dirishani kwake. Nikamwambia toa bahasha ya marehemu, gonga hapa. Akasema, 'Mama, nikigonga hapo bintiyo ataninyonga.' Nikamwambia gonga, mwanangu, nimesubiri tangu nilipoolewa. Akakataa. Nikamwuliza anataka mkwe wa kumwombea au wa kumlaani. Akagonga."

Fundi Miwani aliketi chini sakafuni, gauni la kijani na yote.

"Kwa nini, mama?"

"Lete hiyo bahasha." Mama alielekeza kidole mezani, mahali ilipolala na muhuri wake mweusi. "Umeikuza kwa lenzi zako zote. Umehesabu meno ya stempu. Umeita wageni sebuleni kwangu, ukawaonyesha wino mwekundu, ukajisifu. Sasa niambie, chini ya muhuri huu paliandikwa jina la nani?"

Binti aliichukua, akaiinamia.

Hakujua. Aliiona bahasha ile maisha yake yote na hakujua. Wakusanyaji hawasomi majina. Wanasoma tarehe, wanasoma mihuri, wanajua ndege ilitua wapi na saa ngapi. Jina la aliyeandikiwa ni mistari inayojaza karatasi. Kila alipoulizwa alijibu, "Ah, mtu tu wa kule, watu walikuwa wanatuma kwa yeyote."

"Alikuwa binti wa duka la vitambaa," mama alisema. "Baba yako alimtaka kabla yangu. Siku ya ndege ya kwanza akamtumia barua ya posa, aonekane mwanamume wa maana. Binti hakuifungua hata kidogo. Irudi kwa mtumaji. Huo wino mwekundu unaojisifia ndio jibu lake. Ilipomrudia, baba yako alilia wiki nzima, kisha akaja kwetu. Mimi ni wa pili, mwanangu. Nililijua na nililimeza, kwa maana alinitunza vizuri. Lakini bahasha hakuitupa. Na alipokufa, wewe uliyetoka tumboni mwangu ukaitia fremu ukaitundika juu ya kochi langu. Nimeipangusa vumbi. Kila Ijumaa nimempangusa vumbi mwanamke yule."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungeiweka kabatini kwa heshima. Sikutaka heshima. Nilitaka afutike." Mama alinyanyua mabega. "Na Jumapili mji mzima ungesimama kumsoma. Nikasema, hapana. Nilipomwona amefunikwa, nilinunua maandazi nikala peke yangu barabarani. Niliona raha, sikudanganyi."

Fundi Miwani alitazama beseni. Bahasha iliyonusurika ziwani ilikuwa imefia jikoni kwake, na aliyeiua hakuwa na hata sababu.

"Mimi sikuona raha," alisema.

"Kwa sababu ulimpiga asiyekukosea. Mimi wangu nilimjua." Mama aliinuka, akaanza kutoa nyanya kwenye kikapu. "Yule kijana katoka mtihani wangu na ahadi yangu mdomoni. Hakunisaliti hata ulipomtia majini. Ukimpoteza, usije kulia hapa. Hapa nimeshasikia vilio vya bahasha vya kutosha."

Fundi Miwani alimpigia karani simu jioni. Haikupokelewa. Akampigia asubuhi. Haikupokelewa. Akatuma ujumbe: *Mama ameniambia. Nisamehe.* Jibu lilikuja baada ya saa nyingi, nalo lilikuwa neno moja: *Sawa.* Mtu yeyote aliyewahi kupenda anajua ubaridi wa neno hilo.

Jumamosi ilikuwa siku ya mwisho ya muhuri. Saa sita ungefungwa na kupelekwa makao makuu, na mifuko ya ndege ingefungwa nao. Fundi Miwani alifunga duka, akavaa gauni la njano alilokuwa analiweka kwa ajili ya maonyesho, akasimama kwenye foleni kama watu wengine, bahasha mpya mkononi.

Alipofika dirishani Bwana Muhuri hakuinua macho.

"Karibu, dada. Nikusaidie nini?"

Dada. Alilimeza. "Muhuri mmoja."

Akaitazama bahasha. Akaisukuma nyuma chini ya kioo. "Stempu imekaa upande. Irudi kwa mtumaji."

Fundi Miwani aliichukua. Akaenda mwisho wa foleni. Akabandua, akabandika nyingine, akasimama tena. Jua la dirishani lilimwingia shingoni. Mwanamke wa mbele yake alikuwa na bahasha za kutosha kufunika ukuta.

"Nimerudi," alisema hatimaye.

"Naona. Hujaandika anwani ya mtumaji. Irudi kwa mtumaji."

"Unalipiza."

"Nafuata kanuni, dada."

"Lipiza. Nina viatu vya chini leo, nimejiandaa."

Mdomo wa Bwana Muhuri ulitikisika kidogo upande mmoja, akauzuia. Foleni ilianza kunong'ona. Wengine walikuwepo siku ile ya kwanza na walifurahi kuona sehemu ya pili. Fundi Miwani akaandika anwani ya mtumaji, akaenda mwisho, akasimama mara ya tatu. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia sita alipoweka bahasha kwenye kaunta na kuishikilia kwa kidole.

"Kabla hujairudisha," alisema, "soma jina. Sisi hatusomi majina, ndiyo ugonjwa wetu. Soma."

Bwana Muhuri akasoma. Iliandikwa kwa Bwana na Bibi, kisha jina lake yeye la ukoo, kisha nyumba yake yenye mlango wa bluu. Ingepitia uwanja wa mbali ilikotua ndege ya kwanza, ingerudi na ndege ya marudio.

Akaiegemeza kwenye kioo.

"Ile bahasha ya ziwani," alisema. "Niliitafuta miaka mingi."

"Najua. Sina cha kulipa. Stempu zako mbili nimezikausha, nimekuletea." Akazitoa kwenye karatasi laini kwa kibano, akaziweka mbele yake. "Ukitaka kunirudisha kwa mtumaji, nirudishe sasa, kwa wino mwekundu, watu waone. Sitakuja kusimama mara ya nne."

"Na ikifika kule nyumbani Bibi hayupo?"

"Basi uandike kwa mkono wako kwamba huyo mtu hayupo."

Mlinzi aliyekuwa mlangoni alikuwa ameacha kulinda.

Bwana Muhuri alivuta pedi ya wino. Alijaribu muhuri kwenye karatasi taka, mara moja, kama alivyozoea. Kisha akainua mkono juu ya bahasha, akasimama.

"Nigonge wapi?"

"Kwenye stempu, Bwana Muhuri. Jina liache lisomeke."

Akagonga. Mviringo ulikaa safi, herufi zote nzima, ndege ikiruka kuelekea pembeni. Akaipulizia, akaitia mwenyewe kwenye mfuko wa ndege, akaufunga mdomo kwa kamba, akaubana kwa lakiri ya risasi. Saa ikagonga sita. Akashusha pazia la dirisha mbele ya watu wawili waliobaki, wakalalamika, naye akatoka kwa mlango wa pembeni akiwa bado na wino kwenye kidole gumba.

"Ofisi ya ndoa hufungwa saa ngapi Jumamosi?" aliuliza.

"Saa saba."

"Na bahasha itarudi baada ya wiki mbili."

"Basi twende tukaandikishe. Isitukute tukiwa bado wawili."

Akamshika mkono uliokuwa na wino, wino ukamwingia kiganjani, wakavuka barabara.