Sina Mjomba, Nina Mume

"Mwalimu mkuu anauliza, nani kakufundisha kushona hivi?"

Sindano, mwanafunzi wa kutengeneza miguu ya bandia, akainua uso. Mezani mbele yake ulisimama mguu wa bandia, mkanda wake wa ngozi umeshonwa kwa mkono, sindano mbili na uzi wa nta, mishono imenyooka kama mistari ya daftari. Wenzake wote darasani walishona kwa mashine. Mwalimu mkuu, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, aliupapasa kwa dole gumba, hauachii.

Aliyeuliza kwa Kiswahili alikuwa Afisa, mkubwa wa ofisi ya ufadhili kule nyumbani, aliyekuja kukagua wanafunzi wake. Miezi minne ugenini, lugha ya wenyeji bado ilimkwama Sindano kooni, kwa hiyo Afisa ndiye aliyekuwa mdomo wake. Na ndiye huyo huyo aliyemwambia siku ya kujaza fomu: "Andika hujaolewa. Wafadhili hawataki wake za watu." Wakubwa hawa! Wakishapewa kiti cha kuzunguka, wanadhani hata ndoa za watu zinazunguka nacho.

Sasa Afisa alimkazia macho.

"Mjomba," Sindano akasema. "Mjomba wangu ndiye alinifundisha."

Afisa akatafsiri huku anatabasamu.

Nyuma ya kopo la gundi, nyundo ikanyamaza.

Mungu wangu, simu! Tangu wiki ya kwanza, alipokuwa anajifungia chooni kulia kwa upweke, yeye na mumewe Fundi Soli walikuwa wakiwasha simu kila asubuhi na kuziacha wazi, kila mtu kwenye meza yake ya kazi. Hawakuongea sana. Yeye alisikia nyundo ikigonga soli za viatu, mume alisikia mkasi ukikata ngozi. Ndivyo walivyoishi pamoja wakiwa nchi mbili.

Alipoichukua, imeshakatwa. Ujumbe ukaingia:

"Marahaba, mpwa wangu. Mjomba wako nimefunga kibanda leo. Soma kwa bidii."

Akapiga. Haikupokelewa. Akapiga tena na tena. Ya nne ikapokelewa.

"Hallo, mpwa."

"Usinitanie, Fundi Soli. Afisa alikuwa amesimama pale."

"Nilimsikia. Na fomu tuliijaza wote, sikukataa. Nilisema karatasi haina mdomo. Lakini leo umesema kwa mdomo wako."

"Wangenirudisha!"

"Na mimi ningekupokea! Siku ya kwanza uliposhika sindano ukajitoboa vidole vitatu, nani alikufunga vitambaa? Mjomba?"

Sindano akacheka huku machozi yanamtoka.

"Sitaki urudi bila cheti," Fundi Soli akasema, sauti imeshuka. "Nataka kujua kitu kimoja tu. Ukimaliza, utamrudia nani?"

Sindano akajifuta machozi.

"Kesho asubuhi washa simu," akasema.

"Nisikie nini? Kwamba nina shangazi pia?"

"Washa, mume wangu."

Kesho yake mwalimu mkuu alikuja na kadi nyeupe. Mguu ule unawekwa ukumbini, wageni wauone, na chini yake paandikwe aliyemfundisha mshonaji.

"Taja jina la mjomba," Afisa akasema.

Sindano akaitoa simu nyuma ya kopo la gundi, akaisimamisha katikati ya meza. Nyundo ilisikika.

"Zima hiyo."

"Haizimwi."

"Binti, unajua nani alikuleta hapa?"

"Mikono yangu. Wewe ulileta fomu."

Akamgeukia mwalimu mkuu. Safari hii hakusubiri kutafsiriwa. Aliyatoa maneno ya wenyeji moja moja, kama mtu anayeng'oa misumari:

"Mimi… mjomba hapana. Mume. Mume kufundisha mimi. Karatasi, uongo. Huyu kusema: andika."

Afisa akacheka kwa nguvu, akaanza kuyapaka rangi maneno yake. Mwalimu mkuu akainua kidole.

"Wewe nyamaza. Nimemwelewa." Kisha akamuuliza Sindano polepole, neno kwa neno: "Kwa nini alisema uandike hivyo?"

"Yeye kusema, mke wa mtu hapana kusoma."

Mwalimu akavua miwani. Sheria hiyo haikuwepo. Shule ilikuwa na fomu nzima ya wanafunzi wenye ndoa, na mwenzi aliruhusiwa kuja kutembelea kila mwaka. Kumbe ndiyo maana ofisi ile ilileta wasichana wasioolewa tu miaka yote! Afisa akaanza hadithi ya "utaratibu". Utaratibu, neno lao wakiishiwa sababu.

"Hata hivyo na wewe ulidanganya," mwalimu akamwambia Sindano. "Utajaza upya. Nitawaandikia wafadhili mwenyewe, lakini wao ndio wataamua. Huogopi?"

"Kuogopa," Sindano akajibu. "Lakini kujaza."

Akachukua kalamu, akaandika kwenye kadi kwa Kiswahili, herufi kubwa: AMEFUNDISHWA NA MUMEWE, FUNDI VIATU.

"Bi Sindano," sauti ya Fundi Soli ikaita simuni.

"Abee."

"Kuna nini huko? Hicho kigeni sijaambulia hata neno."

"Nimewaambia wewe ni mume wangu."

Nyundo ikawekwa chini.

"Hebu liseme neno hilo kwa lugha yao."

Akalisema.

"Mbona kama mtu anapiga chafya?"

"Ndiyo hivyo hivyo."

"Rudia."

Akarudia kwa sauti ya juu, hata Afisa aliyekuwa anatafuta mlango akageuka.

"Sasa wakikurudisha, mke wangu?"

"Nitarudi kwangu. Na wasiponirudisha, nitarudi kwangu vilevile, ila na cheti. Haya, shika nyundo. Umechelewesha viatu vya watu."