Mlango wa Tumbo la Manowari

Asubuhi ile Kinue alionja supu, akatema. Chumvi kali. Akateka maji mapya kisimani, akayachemsha matupu. Nayo yakawa ya chumvi.

"Kisima kimeingiliwa na bahari," alisema mumewe, Kuramochi, bila kuinua macho.

Tangu vita viishe, huyu aliyekuwa kapteni wa manowari alikuwa akilima figili pale Ominato, kaskazini mwa Japani. Wiki hiyo alikuwa ametoka Yokohama, kwenye mahakama ya washindi. Mateka thelathini na wanane walizama wakiwa wamefungiwa tumboni mwa meli yake, naye akaapa kwamba hakuamuru. Aliyefunga mlango ni Luteni Isobe. Luteni akahukumiwa kitanzi.

Siku ya tatu kabati la matandiko likaanza kugongwa kwa ndani. Kinue akalifungua: magodoro tu. Alipolifunga tu ikaanza tena, kwanza ngumi moja, kisha nyingi, kisha kucha zikikwaruza mbao, na harufu ya mafuta ya meli ikatanda mikekani, ikaingia kwenye nguo, kwenye wali, kwenye nywele zake.

Akamwita bibi kipofu anayesemesha wafu. Bibi akasugua shanga zake, na kinywani mwake zikatoka sauti za wanaume wengi.

"Tufungulieni! Maji yamefika shingoni!"

Bibi alipozinduka akazikunja shanga zake. "Hawa siwawezi, mwanangu. Hawataki ubani. Wamefungiwa kwa amri. Mwenye amri akaseme."

Kinue akamgeukia mumewe, akanong'ona, "Uliamuru?"

"Meli ilikuwa inazama. Wangetuparamia kwenye mashua."

"Na Isobe anyongwe? Mama yake juzi tu katuletea tofaa, bwana wee!"

"Nitakwenda Yokohama kesho, niseme."

Kesho yake akaenda hadi stesheni. Treni ikaja, ikaondoka, naye akarudi na chakula chake cha njiani hakijaguswa. Hivyo mara tatu.

Siku redio ilipotangaza kwamba Isobe amenyongwa, kabati likanyamaza. Kinue akajikuta anashukuru, akaona haya. Adhuhuri, mchana kweupe, alikuwa akimmiminia mumewe chai ndipo sauti moja ikatoka mle kabatini, sauti ya kijana mwenye adabu.

"Kapteni, mlango nimeufunga kama ulivyoamuru. Nifanye nini sasa?"

Kuramochi akainuka, akasimama wima, mikono ubavuni.

Sauti ikasubiri kidogo, halafu ikauliza tena.