Chupa Sita za Maji ya Chekechea

Jumatatu saa moja asubuhi Evelyn, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alifungua maabara ya shule yao huko Kimandolu akakuta dirisha liko wazi na chupa sita zimelala sakafuni, tupu. Zilikuwa na maji ya chekechea moja ya mteremkoni Meru, yaliyopita kwenye chujio la mkaa wa mifupa. Chupa za maji ya chemchemi inayoilisha chekechea hiyo, yasiyochujwa, zilikuwa salama rafuni. Wanafunzi na wanakijiji, katika mkutano wao, walitaka kujua kama chujio kweli linaondoa floraidi inayoharibu meno ya watoto, na vipimo vilikuwa vifanyike asubuhi hiyohiyo.

Inspekta Skolastika Ndesanjo alipokewa na Mwalimu Manase, mlezi wa klabu ya sayansi, aliyevaa shingoni medali aliyopewa kwa kubuni chujio lile. Medali, Jumatatu asubuhi!

"Ni Mzee Sumari, mwenye chemchemi," alisema kabla hajaulizwa. "Aliwafokea wanafunzi wangu. Watu wa kule juu, Afande, sayansi wanaiona uchawi."

Mzee Sumari aliitwa, akaja na mabuti yenye matope.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Niliwafokea, ndiyo, walikanyaga miche yangu ya kahawa. Lakini mjukuu wangu anakunywa maji ya chujio hilo. Niyamwage ya nini kabla hayajapimwa?"

Inspekta aliziangalia chupa. Zilifanana zote, zimeandikwa herufi tu.

"Nani anajua zipi ni za chujio?"

"Mimi na mwalimu," alisema Evelyn.

"Basi ni yeye!" Manase alimgeukia binti. "Utafiti wake ni wa ovyo, kaona aibu. Leo hii anafukuzwa shule!"

Evelyn akaanza kulia. Inspekta alishawaona wengi wanaojificha nyuma ya watoto.

"Mwalimu, mkutano na wanakijiji ulihudhuria?"

"Nikakae kwenye nyasi nisikilize malalamiko? Nilimtuma huyu."

"Evelyn, mlikubaliana nini?"

"Walisema watafiti huja, huchukua maji, hawarudi. Kwa hiyo kila chupa tuliyojaza, tuliwajazia na wao ya kwao. Ziko kwa Mzee Sumari."

Manase aliketi bila kukaribishwa.

Mchana zililetwa. Evelyn alipima mwenyewe, wote wakitazama. Maji ya chujio yalikuwa na floraidi sawasawa na ya chemchemi.

"Mkaa ulibadilishwa lini?" aliuliza Inspekta.

"Haujabadilishwa tangu nipewe tuzo. Miaka miwili." Manase aliifunika medali kwa kiganja. "Kesho wafadhili wanakuja, Afande. Chujio lina jina langu. Ningeubadilisha wakishaondoka."

"Na watoto?"

Inspekta akatoa pingu, lakini Mzee Sumari akamshika mkono.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Apige simu chekechea wafunge hiyo koki. Saa hizi wanakunywa."

Manase alichukua simu yake, akatafuta jina baada ya jina, jasho likimtiririka. Namba ya chekechea hakuwa nayo.

Evelyn alikuwa nayo, na alishapiga.