Madirisha ya Msumari

Mkahawa ulikuwa umefungwa tangu ugonjwa ulipoingia mjini, lakini mpishi wake hakuacha kuamka alfajiri. Aliwasha jiko, akachemsha chai, akafuta meza zisizo na wateja. Wateja walizoea kumwita Shemeji, na jina hilo lilimganda. Mume wake walimwita Msumari, kwa sababu kwake kila kilicholegea dawa yake ni nyundo.

Nyuma ya mkahawa kulikuwa na chumba cha baba yake Shemeji. Watu wote walimwita Babu. Kifua chake kilikuwa kibovu kwa miaka mingi. Vumbi kidogo tu, anakohoa mpaka machozi yanamtoka. Ila mdomo wake ulikuwa mzima kabisa. Zamani alikaa karibu na kaunta kutwa nzima, akiwapokea wateja na kuwatania. Wengine walimfuata yeye kuliko chai.

Siku moja redio ikatangaza kwamba mikahawa inaweza kufunguliwa tena, mradi ikaguliwe kwanza na watu wa afya. Msumari alifurahi. Shemeji alikunja uso.

"Mbona umenuna, mke wangu? Si tulikuwa tunaiomba siku hii?"

"Namuwaza baba," Shemeji alisema. "Nikifungua, mteja anaweza kumletea ugonjwa, na kifua kile hakitaweza. Nisipofungua tutakula nini? Maji yameshatufika shingoni."

"Hilo niachie mimi."

Msumari akaingia kazini. Aliziba kila ufa ukutani. Madirisha yote aliyatia vioo vipya, kisha akayapigilia misumari ili yasifunguke. Kutoka darini akaning'iniza mapazia ya plastiki angavu, kila meza ikawa kama kijichumba.

"Sasa ugonjwa utapita wapi?" alisema akijipangusa jasho. "Hata inzi ataomba ruhusa."

Babu alizunguka akiangalia. "Kazi nzuri, mkwe wangu. Umebakiza kututia kwenye makopo, tuuzwe dukani."

Bibi afya alifika kesho yake, mkoba begani, barakoa usoni. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alisifu maji na sabuni mlangoni. Alisifu sakafu. Kisha akasukuma dirisha, likagoma. Akasukuma la pili.

"Haya hayafunguki?"

"Hayafunguki," Msumari alijibu kwa fahari. "Nimeyapigilia mwenyewe. Vumbi nje, ugonjwa nje."

"Na ugonjwa ukiingia ndani ya mteja, utatokea wapi?"

Msumari akatazama madirisha yake.

"Mama, una vitunguu?" Bibi afya alimwuliza Shemeji. "Hebu kaanga kidogo. Na mlango tuufunge."

Shemeji alishangaa, lakini alikaanga. Bibi afya akamketisha Msumari kwenye meza ya mbali kabisa, ndani ya plastiki yake. Haukupita muda, Msumari akakunja pua.

"Unasikia harufu?"

"Naisikia."

"Imefikaje hapo, na umejizungushia plastiki?"

Msumari akainua macho. "Imepita kwa juu."

"Basi pumzi ya mgonjwa nayo hupita hapo hapo. Mtu akizungumza, akicheka au akikohoa, hutoa vimelea vidogo sana, visivyoonekana. Vingine huanguka karibu. Vingine huelea hewani, na chumba kikifungwa vinazidi kujaa. Mwenye ugonjwa huenda asijue kwamba anao. Barakoa husaidia sana, lakini hakuna mtu anayekula amevaa barakoa."

Wakazima jiko. Harufu ilibaki pale pale, nzito. Bibi afya akaomba koleo, Msumari akang'oa misumari yake kwenye dirisha moja upande huu na jingine upande wa pili. Hewa ikapita katikati. Punde vitunguu vikasahaulika.

"Kumbe nilikuwa naufungia ugonjwa ndani," Msumari alisema polepole.

"Ulikuwa unamlinda baba. Nia ilikuwa njema, njia ndiyo ilipotea," Shemeji alimwambia.

Akamgeukia Bibi afya. "Lakini vumbi?" aliuliza. "Madirisha yakiwa wazi, vumbi la barabarani litamwua baba kabla ya ugonjwa."

Bibi afya hakulipuuza swali hilo. Alitoka nje akatazama. Akawashauri wafungue madirisha ya pande zote mbili saa zote za kazi, na wanyunyizie maji mbele ya mkahawa kila vumbi linapoanza kuinuka. Upande wa nyuma, mbali na barabara, kulikuwa na uwanja mdogo wenye kamba za kuanikia nguo. "Hapa weka turubai la kivuli na meza. Nje hewa ni nyingi. Ndani punguzeni meza, na watu wasikae muda mrefu. Anayetaka kubeba chakula, mpe dirishani. Na yeyote mwenye homa au kikohozi, hata kama ni wewe mpishi, asije kazini."

Kisha akamgeukia Babu. "Mzee wangu, wewe usikae tena kaunta. Kaa nje, kando, ukiwa umevaa barakoa."

Babu alikasirika. "Yaani nifukuzwe kwenye mkahawa wa mwanangu? Nikae nje kama mlinzi?"

Bibi afya alitaka kujibu, lakini Shemeji alimtangulia. "Baba, mama ameshatutoka. Umebaki wewe. Mimi naogopa."

"Haya," Babu alisema. "Nani ananibebea kiti?"

Mkahawa ukafunguliwa. Kamba za nguo zilihamishwa, na plastiki ya Msumari ikatumika kuezekea banda la kuku la jirani. Wateja wa ndani walikuwa wachache, wa dirishani wakawa wengi. Babu alikaa pembeni ya uwanja na barakoa yake, akiwaamuru watu wanawe mikono. "Na vidole gumba, bwana. Hivyo navyo ni vyako."

Mteja wake mkubwa alikuwa dereva wa lori, mtu wa sauti kubwa, ambaye kila akipita mjini lazima abishane na Babu. Siku moja walibishana tangu supu mpaka chai, dereva chini ya turubai, Babu kule kando. Haukupita muda habari zikaja kwamba dereva amelazwa. Alikuwa na ugonjwa. Msaidizi wake, waliyekuwa wakisafiri naye kwenye lori lenye vioo vilivyofungwa, naye aliugua.

Shemeji alifunga mkahawa siku hiyo hiyo, akaenda kumwita Bibi afya. Wote wakapimwa, na baadaye wakapimwa tena. Katika kungoja majibu Shemeji hakula. Kila Babu alipokohoa, yeye alisimama.

Majibu yalirudi. Hakuna aliyekuwa na ugonjwa. Bibi afya akawaruhusu wafungue.

Asubuhi hiyo simu ya Shemeji ililia. Alikuwa dereva, na sauti ile kubwa ilikuwa imebaki kidogo sana.

"Shemeji, nimepata nafuu, nashukuru. Lakini hapa silali. Nilizungumza mno na mzee siku ile. Niambie ukweli. Babu yuko hai?"

Shemeji alitoka nje, akaweka simu kwenye kipaza sauti na kumnyooshea baba yake.

"Nani anaulizia maiti?" Babu alisema. "Mimi nipo, nakunywa chai. Na siku ile mimi ndiye niliyeshinda ubishi."

Upande wa pili wakasikia mtu mzima akilia.

Babu akashusha sauti. "Pona, mwanangu. Pona urudi. Meza yako iko nje, pamoja na sisi."