Nilivuta Gari Hadi Lami, Baba Akiningoja

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mzaliwa wa milima ya Taita, na ni karani wa mikopo katika sacco moja jijini Nairobi. Kazi yangu ni karatasi. Kila siku nawaambia watu wazima, tena kwa ukali, "Soma kabla ya kutia sahihi!" Wasomaji wenzangu, nicheke au nilie? Mimi huyo huyo nilitia sahihi karatasi nisizozisoma, na leo baba yangu yuko kaburini.

Naandika kwa sababu nimechoka kupewa pole nisizostahili. Watu wananishika mkono na kuniambia ajali haina kinga... Ajali, ndiyo. Lakini yaliyofuata baada ya ajali niliyafanya mimi, nikiwa na akili zangu timamu.

Mwaka jana mwezi wa Aprili nilichukua likizo ya wiki moja. Mama alikuwa ametutoka miaka mitatu nyuma, na baba, mzee wa miaka sabini na minne, alikuwa hajawahi kusafiri kwa starehe hata siku moja. Nikaamua nikodi gari nimpeleke Taveta kwa dada yake aliyeolewa Mahoo, na njiani tuwatazame wanyama. Nilipompigia simu alinicheka. "Ndovu wamekula mahindi yangu kule shamba la chini miaka mingapi? Sasa nilipe pesa niwaone wakila nyasi?" Lakini ndugu yangu mdogo Mwakio, anayeishi naye pale nyumbani, aliniambia mzee amepiga viatu rangi siku tatu kabla ya safari.

Niliposhuka treni Voi nilikwenda moja kwa moja kwa ofisi ya kukodisha magari. Nilimkuta Bi Rukia, mama wa makamo mwenye Kiswahili cha pwani kisicho na haraka. Alinitandikia karatasi mezani. "Mwanangu, hizi tuzipitie moja moja. Bima ya gari la kukodi ina mafungu. Kuna fungu la gari, na kuna fungu la watu walio ndani yake."

Mimi nikatazama saa. Nikamwambia, kwa ile sauti yangu ya ofisini, kwamba karatasi ndizo mkate wangu na sihitaji kusomewa. Jamani, kiburi! Bi Rukia hakukasirika. Aliniwekea kidole kwenye mstari mmoja: gari lile ni la barabara ya lami tu, na likiumia nje ya lami, hasara yote ya gari ni juu yangu. "Na ukurasa wa nyuma, tafadhali, usisahau kuusoma," akaongeza. Nikasema sawa. Nikazikunja nikazitia kwenye droo ya gari, na humo ndimo zilimokaa.

Mwakio alimshusha baba kwa boda hadi kwenye lami, nikamchukua, na nawaambia kweli, siku zile tatu za safari zilikuwa tamu. Baba alikaa kiti cha mbele, kofia magotini, akinionyesha kila kilima na jina lake kana kwamba mimi ni mgeni. Tulipoona ndovu kando ya barabara alisogea karibu na kioo, kisha akasema, "Kumbe wakishiba ni wapole." Kule Mahoo shangazi alimchinjia kuku, wakakaa kibarazani wakicheka mambo ya utoto wao hadi machozi yakawatoka. Tulipoondoka, buti ya gari ilijaa ndizi.

Jumamosi asubuhi tukapita Mwatate kuelekea nyumbani. Kwetu ni juu kule milimani. Lami inaishia mbali na boma letu, na kutoka hapo ni udongo mwekundu unaopanda kwa kona. Mpango wangu ulikuwa baba ashuke kwenye lami, Mwakio aje na boda ampandishe pamoja na ndizi zake. Ndivyo nilivyomwambia tulipofika pale.

Baba hakubisha. Alitazama ile barabara, akasema polepole, "Watoto wa watu huwaleta wazazi wao mpaka mlangoni. Mimi wewe huniachia hapa chini kila mwaka."

Ningefanyaje? Kweli kila mwaka nilikuja na kuondoka kwa magari ya abiria, baba akinisindikiza hadi hapo, nami nikimwacha apande peke yake. Na usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Niliujua mstari aliouwekea kidole Bi Rukia! Niliujua vizuri, kwa sababu ndio pekee niliousikia. Nikajiambia ni mwendo mfupi tu, nani ataona? Nikapanda.

Kona ya tatu gari liliteleza. Nilikanyaga breki, usukani ukakataa kunisikiliza, tukashuka ukingoni na kuanguka ubavu kwenye shamba la mtu, matuta mawili chini. Nilipofumbua macho ndizi zilikuwa zimetapakaa kila mahali. Baba alikuwa ananing'inia kwenye mkanda wake, akiniuliza kama nimeumia.

Majirani walikuja mbio, na Mwakio pia. Walitutoa. Mimi nilikuwa na mkwaruzo wa mkono tu. Baba alisimama, akajipapasa, akasema ni mkanda umembana tumbo kidogo. Mama mwenye shamba, jirani yetu Mama Wakesho, akamletea kigoda na chai.

Na mimi je? Nilikimbilia kwa baba yangu? La! Nilikuwa nalizunguka gari nikihesabu vioo.

Hapo ndipo wazo likanijia, na natamani lingeniua kabla sijalitamka. Niliwaita Mwakio na vijana waliokuwepo, nikawaambia gari hili likionekana hapa, bima haitalipa chochote. Lazima lishushwe mpaka kwenye lami, lilazwe mtaroni, nilipige picha huko, ndipo nipige simu. Walisita. Mwakio akauliza, "Na baba?" Nikamjibu, "Ni kwa ajili ya baba mwenyewe! Bila lami, matibabu yake nani atayagharamia?"

Sikiliza, msomaji. Sikuwa nafikiria matibabu ya baba wakati ule. Nilikuwa nafikiria gari. Nilitumia jina la baba kwa sababu nilijua kwa jina hilo hakuna atakayekataa.

Na kweli hawakukataa. Watu wa kwetu wakiombwa msaada hawaulizi mara mbili. Mmoja alileta trekta, wengine kamba na mbao. Wakafunga, wakavuta, wakainua, wakateleza, wakafunga tena. Ilichukua zaidi ya saa mbili.

Katikati ya kazi Mama Wakesho alinivuta kando. Akaniambia mzee anatoka jasho na jua halijawaka, chai hajaimaliza, na rangi yake si nzuri. "Huyu mpandisheni boda aende hospitali sasa. Hiyo gari haina roho." Nikamwendea baba. Nikamwuliza anajisikiaje. Akasema tumbo linamkaza, lakini anaweza kuvumilia kama bado tunashughulika.

Nikamwomba avumilie! Nikamweleza kwamba hospitali watauliza ajali ilitokea wapi na saa ngapi, na maneno yetu lazima yafanane na picha. Alinitazama. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, mtu aliyewahi kurudi dukani kwa miguu kwa sababu alipewa chenji iliyozidi. Akaniuliza kitu kimoja tu, "Hii itakusaidia wewe?" Nikasema ndiyo, baba. Akasema, "Basi nitasema hivyo."

Gari likafika chini. Likalazwa mtaroni. Nikapiga picha zangu upande huu na upande ule, na baba akashushwa kwa boda kwenye ile barabara ya mashimo, akiwa ameuma midomo. Ndipo nikampigia simu Bi Rukia na kulia. Machozi yale yalikuwa ya kweli, lakini maneno yalikuwa ya uongo. Kisha tukasimamisha gari dogo la mizigo, likatukimbiza hospitali.

Daktari alimbonyeza tumbo, uso wake ukabadilika. Akauliza ajali imetokea saa ngapi. Mimi nikasema nusu saa iliyopita. Daktari akamgeukia baba na kumwuliza tena, maana hali aliyoiona haikulingana na nusu saa.

Baba akafungua macho. Akasema, "Ni nusu saa, daktari. Hapo kwa lami."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomsikia baba yangu akisema. Walimkimbiza ndani, wakasema damu inavujia tumboni, apasuliwe mara moja. Hata chumba cha upasuaji hakukifikia. Mtu aliyeishi miaka sabini na minne bila kudanganya alikufa na uongo mdomoni... na uongo wenyewe ulikuwa wangu!

Mazishi sitayasimulia. Nililia hadi nikazirai, na watu wakasema ona jinsi alivyompenda babake.

Siku ya nne baada ya maziko Bi Rukia alikuja kutupa pole, amebeba mchele na sukari, na mfuko wa karatasi. Alikaa nami chini ya paa la jikoni, akanishika mkono, akasema hakuja kwa habari ya gari. Alikuja kwa haki ya baba. Akaufungua ule ukurasa wa nyuma na kunisomea taratibu, kama mtu anayemsomea mtoto.

Wasomaji, nisikilizeni. Sharti la lami lilihusu bodi ya gari peke yake! Watu waliokuwa ndani walikuwa na bima yao, popote gari lilipo, iwe lami, udongo au shambani mwa mtu. Tena kulikuwa na nambari ya simu ya kuita gari la wagonjwa, ambalo lingetufuata mpaka mwisho wa barabara, nasi tungemfungulia baba njia kwa trekta lile lile. Kupiga simu ile kungenichukua dakika mbili.

"Sasa nieleze vile ilivyokuwa," Bi Rukia akasema, "niandike madai. Watu wa bima wataka ukweli tu."

Ukweli tu! Nilimwangalia mama yule mwema. Nikarudia yale yale. Ndiyo, hata pale, kaburi la baba likiwa bado bichi, nilirudia. Mchunguzi wa bima alipokuja aliona udongo mwekundu umeshindiliwa mpaka ndani ya milango, na kule mtaroni hakukuwa na hata kipande cha kioo. Walikataa madai yote, ya gari na ya baba pia, kwa kuwa nilikuwa nimedanganya. Bi Rukia hakunilaumu. Aliniambia tu kwamba laiti ningemwambia siku ile jikoni, angenisimamia.

Gari ninalilipa mpaka leo, na hilo haliniumizi hata kidogo. Kinachoniumiza ni Mwakio. Kwa miezi kadhaa aliamini kwamba tulivuta gari ili baba apate matibabu. Alikuwa akinitetea kwa majirani! Mama Wakesho alipopita akiwa amenuna, ndugu yangu alimwambia dada alikuwa anamtafutia mzee bima.

Mwezi wa Desemba nilipanda nyumbani. Nilimkalisha Mwakio mezani, mchana kweupe, nikamwambia yote kama nilivyowaambia ninyi. Kwamba lilikuwa gari. Kwamba nilimsikia Mama Wakesho nikampuuza. Kwamba baba aliniuliza kama itanisaidia nikasema ndiyo.

Nilidhani atanipiga. Ningependa anipige. Aliitazama mikono yake, kisha akasema, "Mimi ndiye niliyefunga ile kamba." Akainuka, akaenda shambani. Tangu siku hiyo salamu zangu anajibu kupitia kwa mkewe.

Nilimrudia yule daktari nikamwambia saa za kweli. Nilitaka aniambie kwamba baba hangepona hata tungewahi. Hakuniambia hivyo. Wala hakuniambia kwamba angepona. Alisema tu saa mbili ni nyingi.

Wewe unayepanga likizo, unayekodi gari la mtu ili uwaonyeshe wazazi dunia, nakusihi. Mtu wa ofisi akitaka kukuelezea bima, kaa kitini umsikilize. Mwulize fungu la gari linasema nini, na fungu la watu linasema nini, na ukipatwa na jambo unampigia nani kwanza. Usione haya kuuliza, hata kama wewe ndiye karani wa makarani.

Na likikupata la kukupata, usianze kufikiria utasema nini. Gari liache lilale lilipoangukia, hata kama ni mahali ulipokatazwa kufika. Mwangalie aliye kando yako... Akisema tumbo linamkaza, mbebe uende!